Mkasi wa Shoto

Usiku wa kwanza Helsinki niliosha vyombo vya chakula cha jioni, nikabaki nimesimama na sahani inayochuruzika, sijui pa kuiweka. Jikoni kwa mdogo wangu sikuona beseni la kuchujia wala kitambaa cha kufutia.

"Dada, fungua hapo juu," akaniambia kutoka sebuleni.

Nikafungua kabati lililo juu ya sinki. Halikuwa na sakafu. Ndani mlikuwa na rafu za nyaya. Sahani zimesimama wima kama vitabu, vikombe vimefudikizwa, na maji yanadondoka tone kwa tone hadi kwenye sinki lililo chini. Nikaisimamisha sahani yangu, nikafunga mlango. Kazi ikawa imekwisha.

Nilikuwa nimekuja Ufini na picha yangu ya vitu vizuri vya Ulaya: vioo, vyuma vinavyong'aa, bei za kutisha. Kumbe cha kwanza kunishangaza kilikuwa kabati la kawaida, ambalo shemeji aliniambia nitalikuta hata katika nyumba za kupanga.

Asubuhi, tukinywa kahawa, akanisimulia habari za Maiju Gebhard. Mama huyo alikuwa katika chama kilichochunguza namna ya kupunguza kazi za shambani na za nyumbani. Miaka ya 1940 alipiga hesabu akaona kwamba mwanamke wa Kifini hutumia karibu saa 30,000 za maisha yake kuosha na kufuta vyombo. Zigawe kwa siku: ni zaidi ya miaka mitatu, usiku na mchana. Kuosha hakukwepeki. Lakini sahani ikipewa nafasi hukauka yenyewe, na kama ilipokaukia ndipo inapokaa, kuna kazi mbili zimefutika. Gebhard na wenzake wakalitengeneza kabati wakifuata mikono ya mwoshaji; uzuri ukaja baadaye.

Maneno hayo yalinikumbusha mikono ya mama yangu, na siku ya tatu nikapanda treni kwenda Karjaa, mwendo wa kama saa moja, kisha basi la kukatiza misitu hadi kijiji cha Fiskars. Hapo walianza kufua chuma mwaka 1649. Mto bado unapita katikati, na majengo ya zamani sasa yana mafundi wa mbao, kioo na udongo. Mimi nilifuata mkasi.

Mama ni fundi cherehani kule Tanga, na ana shoto. Utotoni alichapwa ili ale na kuandika kwa mkono wa kulia. Vyote viwili akatii, ila kitambaa akaendelea kukikata kwa shoto. Mkasi wake ni wa chuma kitupu, mweusi, mzito, na pete zake zimemwachia sugu kwenye kidole gumba.

Mikasi ya Fiskars ya mwaka 1967 iliondoa adha hiyo ya pete. Olof Bäckström alichora mpini wa plastiki unaofuata mkunjo wa vidole, na bapa likawa la chuma chepesi kisichoshika kutu. Rangi yake ilitokana na bahati. Mashineni kulikuwa kumebaki plastiki ya kutengenezea vikamulio vya maji ya machungwa, wakaijaribishia mkasi. Baadaye wafanyakazi wakapiga kura kati ya rangi hiyo na nyeusi, na chungwa ikashinda. Nilitabasamu: sisi rangi hiyo tumeiita kwa jina la tunda tangu zamani, na wao waliipata kwenye kikamulio cha tunda lilelile.

Dukani nikauliza kama wanao mkasi wa shoto. Muuzaji akaweka miwili mezani, ubavu kwa ubavu. Nilidhani tofauti ni mpini tu. Akaifungua yote kidogo. Katika mmoja bapa la juu liko kulia, katika mwingine liko kushoto. Mwenye shoto akishika mkasi wa kulia, bapa la juu humfunika mstari wa chaki, na kidole gumba chake huyatanua mabapa badala ya kuyabana, kitambaa kikatafunwa. Miaka yote nilimwona mama akiinamisha shingo upande anapokata, nikidhani ni mazoea ya ufundi. Kumbe alikuwa akichungulia mstari wake.

Nyumbani, baada ya shikamoo na chai, nilianza na kabati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatazama uani, kwenye kichanja chetu cha miti chenye sufuria zilizofudikizwa juani.

"Kwa hiyo wamekiingiza kichanja ndani," akasema.

Kisha nikampa mkasi wa shoto niliomnunulia. Akachora mstari kwenye kipande cha kitenge, akakata. Mkato ukaenda mrama. Akarudia, ukaenda mrama tena. Kwa miaka mingi kidole chake kilijifunza kuuvuta mkasi kinyume ili ukubali kukata. Sasa kilikuwa kinauvuta mkasi usiohitaji kuvutwa.

"Mkono wangu umeshapinda kwa ule," akasema bila huzuni, akanyoosha mkono kuuchukua mkasi mweusi.

Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa barazani, naye ni mwenye shoto. Mama akamwita, akamchorea mstari mwingine. Mtoto akakata polepole, shingo imenyooka, na vipande viwili vikaanguka, kila kimoja na nusu ya chaki.

Mama akauviringisha mkasi katika kitambaa, akaandika juu yake kwa chaki jina la mtoto. Aliandika kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa.