Kopo la Kahawa na Barafu ya Mlangoni

Akina mama wenzangu mnaoishi penye baridi, barafu ya njiani si jambo la mzaha. Hapa Minnesota, kila majira ya baridi tunapokea wodini wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza hatua chache kutoka mlangoni pao. Mama mkwe wangu ana miaka 78, na ibada haikosi. Basi mimi na mume wangu tulitengeneza vifaa vyetu wenyewe.

Tulitoboa kitako cha kopo tupu la kahawa kwa msumari mnene, tukalifunga kwenye mpini wa ufagio. Ukilitikisa, chumvi humwagika kidogo kidogo, wala huinami. Kabla ya theluji kuanguka, tunapuliza maji ya chumvi kwa bomba la bustani, gramu 300 kwa kila lita ya maji, ili barafu isishikamane na saruji. Bomba lisuuzwe, maana chumvi hula chuma.

Baridi ikizidi nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, chumvi huishiwa nguvu, mwaga mchanga. Wala usizidishe: kijiko kimoja cha chai huharibu lita 19 za maji ya ziwa.

Njia hiyo hupita mama mkwe, watoto, na hata mleta barua. Wote ni wetu kuwatunza.