Kuvuka na Kusi hadi Songosongo

Maji yakipwa Kilwa Kivinje, bahari huuacha mji kabisa. Unabaki kutazama tope, mizizi ya mikoko na mashua zilizolala ubavu. Ndiyo maana safari ya kisiwa cha Songosongo, kiasi cha kilomita 25 upande wa kaskazini, haina ratiba ya mtu. Maji ndiyo yanayopanga, na mwezi wa Julai kusi, upepo utokao kusini, nayo ina neno lake.

Sikuwa nimepanda mashua ya tanga maishani. Nilikuwa nakwenda arusini, begi begani, na kwenye simu nina tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2, kiwango cha angalizo. Nikamwonyesha nahodha. Alilisoma lote. Tangu Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii Mei 2024, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, hakuna anayedharau matangazo hayo. Kisha akanirudishia simu.

“Hii ni ya pwani nzima, mwanangu. Ngoja nitazame ya hapa.”

Akaingia majini mpaka magotini, akasimama kimya, uso kauelekeza baharini. Niliwahi kusoma kwamba huko Alps wapanda milima hutangaziwa kila siku hatari ya maporomoko ya theluji, ngazi ya 1 hadi ya 5, na bado mwenye akili huchimba shimo atazame matabaka ya theluji kabla ya kukanyaga mteremko. Shimo la nahodha lilikuwa pale magotini.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa alfajiri, kwenye saa kumi hivi, na ndipo umande, upepo wa nchi kavu, unapotoka bara kukusukuma nje taratibu. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yanajaa asubuhi imekwisha kukua na kusi imeshapata nguvu. Lakini bamvua nayo ina ubaya wake: maji hutoka kwa kasi, na yakikutana uso kwa uso na kusi, wimbi husimama likawa fupi na kali. Hilo ndilo linalozamisha mashua, kuliko wimbi refu la bahari kuu linalomtisha mgeni.

Alfajiri ile umande haukuvuma. Nje ya mikoko, gizani, tayari palikuwa na weupe wa mapovu.

“Leo hatuendi,” akasema.

Abiria wakanung'unika. Mama mmoja mwenye viroba vya unga alilalamika kwamba wateja wake wanamsubiri. Kijana akasema kuna mashua imekwisha kuondoka.

“Kuondoka kila mtu anaweza,” nahodha akamjibu. “Kusi itakupeleka Songosongo umelala. Utarudi vipi, hapo ndipo pa kuuliza.”

Kesho yake umande ulikuja, mwembamba lakini upo. Kabla ya foromani ya tanga kupandishwa, nahodha alihamisha viroba kutoka omo, mbele ya mashua, hadi tezi, nyuma, maana upepo ukiwa mgongoni omo nzito huchimba maji. Mimi nikapewa kidumu kilichokatwa, nikumbe maji. Tulipotoka kwenye kinga ya pwani kusi ikatushika, tanga likajaa kwa kishindo, na kila wimbi lilitunyanyua tezi kwanza. Kusema kweli ilikuwa raha tupu, na raha hiyo ndiyo iliyonifanya nielewe jibu alilopewa yule kijana. Saa tatu asubuhi mitambo ya gesi ilikuwa mbele yetu, ile inayopeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004.

Arusi ilipokwisha nikamfuata nahodha pwani, nimefunga begi. Alikuwa anashona tanga.

“Rudi ukale pilau iliyobaki,” akaniambia.

Tuliondoka kusi ilipolegea, na hata hapo tulipiga bisho, kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, tangu alfajiri mpaka alasiri, tukafika Kivinje maji yamekupwa. Mizigo tuliibeba vichwani, tope likiwa magotini, mpaka mjini.