Kona Iliyokosekana

Sioni haya kuwaambieni kwamba muhula uliopita nilipata alama 18 kwa 100 katika hesabu. Kanuni ya kutafuta x nilikuwa nimeihifadhi moyoni kama kasuku, lakini siku ya mtihani ilinitoka yote. Nikaona hesabu si fungu langu, nikaanza kumwandikia baba barua kwamba asitumaini tena kuniona mhandisi.

Jumamosi moja mwenzangu wa bwenini aliniita. Hakuja na kanuni yo yote, ila mkasi na gazeti kuukuu. Akaandika: x² + 10x = 39. Akasema hesabu hii ilielezwa na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, katika kitabu chake cha mwaka 820 hivi. Jina la kitabu hicho ndilo lililozaa neno "aljebra".

"Kata mraba, kila upande uite x," akaniambia. Nikakata. "Sasa kata kipande kirefu, upande mmoja x, wa pili 10. Kipasue viwe viwili, kila kimoja upana wake 5."

Kimoja tukakiweka ubavuni mwa mraba, cha pili chini yake. Eneo la vyote pamoja ni 39. Nikaona umbo limekaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ni tupu.

"Kona hiyo yataka nini?" akaniuliza.

Pande zake ni 5 na 5. Basi yataka 25. Tulipoijaza, 39 ikawa 64, mraba ukatimia. Upande wa mraba wa 64 ni 8, nao ni x na 5. Basi x ni 3! Nikajaribu: 9 na 30 ni 39.

Baadaye mwalimu alitukumbusha kwamba −8 nayo ni kipeuo cha 64, kwa hiyo x yaweza kuwa −13 pia. Al-Khwarizmi hakuihesabu hiyo, maana hakuna upande wa mraba ulio chini ya sifuri.

Siku zote nilikuwa nikiambiwa, "Gawa kwa mbili, zidisha kwa yenyewe, ongeza kote kuwili," nisijue sababu. Kumbe sababu ni ile kona.

Barua ya baba sikuipeleka. Muhula huu nimepata alama 57. Si nyingi, lakini hazikutokana na kukariri. Wenzangu mnaohangaika kama nilivyohangaika, mkasi wa bwenini kwetu upo, karibuni.