Barua kutoka New York: Haki Jinai Si Shahada ya Uwakili

Habari ikifika Dar es Salaam au Mombasa kwamba kijana aliyekwenda Marekani anasomea haki jinai, jamaa huanza kumwita wakili, ilhali shahada hiyo peke yake haimvishi mtu joho la mahakamani. Nchini humo sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa kawaida kwa miaka 3 zaidi. Haki jinai ni elimu ya mfumo mzima unaompokea mtuhumiwa kutoka kwa polisi, ukampitisha mahakamani, kisha ukamkabidhi kwa magereza au kwa maafisa wa uangalizi, yaani wanaowasimamia waliohukumiwa kutumikia adhabu wakiwa uraiani.

Fani yenyewe ina asili ya kipolisi, na asili hiyo haijafutika. August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, alifungua shule ya askari wake mwaka 1908, lakini masomo hayo yalienea hasa baada ya sheria ya mwaka 1968, iliyoiwezesha serikali kuu kuwasaidia askari na wanafunzi kulipa ada. Hata Chuo cha John Jay cha New York kilianzishwa mwaka 1964 kikiwa chuo cha sayansi ya polisi.

Somo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni majadiliano ya kukiri kosa, yaani mapatano ambayo mshtakiwa hukubali hatia, mara nyingi kwa kosa dogo kuliko aliloshtakiwa nalo, ili apunguziwe adhabu. Zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za hatia nchini Marekani hupatikana hivyo, wala si kwa zile kesi ndefu za kwenye filamu. Tanzania iliuingiza utaratibu huo katika sheria zake mwaka 2019, na anayeusoma mahali ulipokomaa huuona ubaya wake pia: maskini aliyeshindwa dhamana anaweza kukiri ili tu atoke rumande, hata kama hakutenda kosa.

Kuhusu ajira, shirika la upelelezi la FBI huajiri raia wa Marekani pekee, jambo ambalo mzazi angefaa kuliuliza kabla ya kulipa ada. Hata hivyo, elimu hiyo ina maana nyumbani pia: tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania mwaka 2023 kuchunguza taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizitazama kwa jicho lile lile la mfumo mzima ambalo wanafunzi wa haki jinai hufundishwa.