Usimwage Wino



Leo nawaandikia hasa ninyi wenye saiba na vibanda vya fotokopi, kuanzia Thika karibu na Mount Kenya University mpaka Ruiru mjini. Wanafunzi wakienda likizo ndefu, biashara hulala, na wengine wenu hufunga kabisa. Kuna dada yetu mmoja wa Ruiru anafunga miezi mitatu akamtunze mamake huko Murang'a. Aliniuliza baada ya ibada, "Pasta, si niuze tu hii printa?" Nikamwambia asiuze. Printa hiyo imemsomeshea watoto.

Ni ile Epson ya zamani ambayo wino umewekwa kando: chupa nne zimeshikana nje, na mirija myembamba inaingia ndani hadi kwenye katriji. (Hizi za siku hizi zenye tangi lake kutoka kiwandani hazitolewi hivyo. Tafadhali usichukue bisibisi ukasema Pasta ameagiza.) Fundi alikuja kutoka Thika, nami nikakaa kando nikitazama.

Dada alitaka kumwaga wino ili mzigo uwe mwepesi kwa matatu. Fundi akakataa. Ukimwaga, mirija inajaa hewa, na ule wino kidogo unaobaki unakaukia humo humo. Aliuacha wote mahali pake. Akaziba matundu ya hewa yaliyo juu ya chupa kwa vile vizibo vidogo vya mpira, akachomoa katriji zote kwa pamoja bila kukunja mirija, akafunika zile tundu za chini zinazotoa wino. Muda wote chupa na katriji zilikaa kimo kimoja. Ukiinua chupa juu, wino unashuka wenyewe na kuvuja. Ukizishusha chini sana, wino unarudi nyuma na hewa inaingia. Kisha akaufunga mfumo wote kwa karatasi ya nailoni, akausimamisha wima ndani ya ndoo, mbali na jua.

Printa yenyewe hakuiacha tupu. Kwa Epson, kichwa kinachochapisha hubaki ndani ya mashine, na kisipopata wino kinakauka. Kwa hiyo akaweka katriji za kawaida, akamwambia dada achape ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama hakuna mteja.

Mpendwa, kuna msimu ambao Mungu anakutoa kwenye kazi na hajakutupa. Mimi sikubaliani na wahubiri wanaosema kila mlango uliofungwa ni shetani. Soma Matendo 9:30. Paulo alikuwa anahubiri kwa moto Yerusalemu, watu wakataka kumuua, na ndugu wenyewe ndio waliompeleka Kaisaria, wakamsafirisha hadi Tarso. Aliwekwa kando. Lakini hakumwagwa. Ukifika sura ya 11:25, Barnaba anafunga safari kwenda Tarso kumtafuta, na anarudi naye Antiokia.

Hapo kwa Barnaba ndipo naomba tusimame kidogo. Machi 2020 shule zilifungwa, na makanisa yakafuata. Saiba nyingi za kando ya vyuo zilishusha mabati. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai, ilikuwa kwa watu 100 na saa moja tu. Tuliwaambia wengine wasubiri nyumbani: kina mama wa maombi, wazee wetu, vijana wa kwaya. Wako ambao bado wanasubiri mpaka leo. Tuliwahifadhi, lakini nani alienda Tarso? Kama kuna jina limekujia ukisoma hapa, weka simu hii chini kwanza umpigie.

Na wewe uliye nyumbani, uliyeachishwa kazi au unayeuguza mgonjwa, ule ukurasa mmoja wa wiki ni wako. Sikuambii ufunge siku 40. Zaburi moja, dua moja ya kweli, hata ukiwa jikoni.

Kitu kingine alichosema fundi, na hiki watu husahau. Siku ya kurudisha mfumo, ng'oa vile vizibo vya hewa kabla ya kuchapa. Usipovitoa, wino unashindwa kushuka, karatasi inatoka na mistari mieupe, nawe utaanza kulaumu printa na chupa zimejaa. Nimeona watu waliorudi kanisani hivyo hivyo. Wamejaa neema na bado wamejiziba kwa sababu waliumizwa walipokuwa kando. Ng'oa kizibo, dada yangu. Sema na mtu.

Jumatano hii tunakutana maombini saa kumi na mbili jioni. Dada yetu anasafiri Alhamisi, tutamwombea yeye na mamake. Fundi naye atakuwepo. Mwenye printa ya kufungwa aje na vizibo vyake.