Mavazi ya Sultani wa Kilwa

Mimi ni mkazi wa Moshi, na bahari kwetu ni safari. Mola alinijaalia siku moja kupanda chombo kidogo pale Kilwa Masoko, nikavuka pamoja na wageni hadi Kilwa Kisiwani. Wenzangu walipiga picha magofu ya Msikiti Mkuu. Mimi nilimkumbuka Ibn Battuta, aliyefika hapo mwaka 1331.

Yeye asimulia habari za Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Alipokuwa akitoka sala ya Ijumaa, fakiri wa Yemen alimwomba mavazi aliyoyavaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akayavua, akampa. Mwanawe akayakomboa kwa watumwa 10. Baba, aliposikia watu wanavyoshukuru, akamwongezea fakiri watumwa wengine 10 na pembe za ndovu.

Ukarimu ule husifiwa mpaka leo. Lakini watu wale 20, nani aliwauliza majina? Nasi wa Kilimanjaro habari hii si ngeni: katika karne ya 19, zama za Mangi Rindi, misafara ya pwani ilifika Moshi ya Kale kutafuta pembe na watu.

Basi tuwasimulie watoto wetu fahari ya Kilwa, wala tusiwafiche waliotolewa zawadi. Sura Al-Balad yafananisha kumwacha huru mtumwa na kupanda njia ngumu ya mlima. Sisi tukaao chini ya Kibo twajua kupanda ni nini.