Wiki Moja ya Sanaa, Sisi Wawili

Miaka sita ya ndoa, na wikiendi zetu zilikuwa zilezile: nyama choma, tivii, kila mtu na simu yake. Mwezi uliopita tukasema basi, wiki nzima tuzunguke Dar kutafuta sanaa. Jumatatu Makumbusho ya Taifa, Jumatano Nafasi Art Space, Mikocheni. Ijumaa tukaishia kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, lakini mtindo wake bado unalisha familia.

Mume wangu akasimama kimya mbele ya picha moja. “Mama Junior, shuleni mimi nilikuwa nachora sana.”

Jamani, sikujua! Jumamosi nikamnunulia rangi. Wewe je, wako umemuuliza nini karibuni?